Nani Anasema Sasa

Siku ile katika nyumba ya chapa tulikuwa watu watano. Fundi Elija, Mkikuyu aliyenifundisha kazi, alikuwa kwenye mashine, rola ya wino mkononi. Mwalimu Yohana arap Tonui, mtunzi wa hadithi za gazeti letu, alikuwa amekaa juu ya bunda la karatasi. Rebeka Achieng, aliyewasomea watu wa laini, zile safu za nyumba za vibarua wa majani chai, gazeti hilo kila Jumapili, alikuwa amesimama karibu na dirisha. Katikati ya chumba alisimama mzee arap Sigei, mrina asali wa upande wa Kapsoit, na gazeti letu alikuwa amelikunja ndani ya kipande cha ngozi. Wa tano nilikuwa mimi, Zakaria Odhiambo, mpanga herufi. Kosa lilikuwa langu, ingawa saa ile nililijua peke yangu.

Nimewataja wote mapema kwa sababu habari yenyewe ni ya watu kutojua nani alisema nini, na sipendi kuwaanzia vibaya ninyi mnaobaki kazini. Kwenye sherehe ya kuniaga mlisoma orodha ya vyeo nilivyopata. Ilikuwa fupi, nashukuru. Mambo niliyotaka kuwaachia hayakuwa ndani yake.

Niliingia kazini kwa sababu ya njaa, si kwa kupenda herufi. Baba alitutoa kando ya ziwa kuja kukata msitu ambako leo mnaona chai tupu, na homa ikamchukua kabla hajaiona chai yenyewe. Mama alimfuata mwaka uliofuata. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu Yona, na Dorka, ambaye ni kitinda mimba. Nilikuwa darasa la tatu, mkubwa kuliko wenzangu wote darasani. Nikaacha shule, nikaenda kwa wamisheni waliokuwa na mashine ya chapa juu ya kilima, nikaomba kazi yoyote. Walinipa kazi, na kibanda nyuma ya nyumba ya chapa, sisi watatu tukalala humo. Kwa hiyo kila nilipofikiria kazi nilifikiria pia paa.

Siku ya kwanza Fundi Elija alimwaga mezani sinia zima la herufi za risasi zilizochanganyika.

“Panga,” akasema.

“Nizipange namna gani, Fundi?”

“Kila moja irudi kwao. Wewe si ndiye mkubwa wa nyumba? Hizi nazo zimepotelewa na wazazi.”

Alikuwa hivyo. Angekutia uchungu na kukuchekesha kwa sentensi moja, halafu akaendelea kupaka wino kama si yeye. Nilipanga mpaka jioni. Herufi zile zinasomwa kinyume, kama uso kwenye maji, na mwezi mzima nilikuwa nachanganya b na d, p na q. Mwalimu Tonui alikuja kutazama prufu zangu, zile karatasi za kujaribia chapa, akacheka: “Zakaria, watu wetu wa hapa wanachanganya b na p wakisema. Wewe umewashinda, unachanganya hata ukinyamaza!”

Jambo moja la kesi zetu, yale masanduku ya herufi, ninyi hamlijui, kwa sababu mmekuta mashine mpya. Herufi zile ziliuzwa kwa hesabu ya watu wa Kiingereza. Zilijaa e na t, ambazo sisi tulizitumia kidogo, na a zilikuwa chache. Kiswahili ni a, a, a. Kabla ya kumaliza ukurasa wa pili kisanduku cha a kilikuwa kitupu, na tulilazimika kuchapa ukurasa mmoja, kuubomoa, kuosha herufi, ndipo tupange mwingine. Neno “akasema” peke yake linakula a tatu. Weka “akasema Mrina”, ni nne. Nilianza kulichukia neno hilo kama mtu anavyomchukia mgeni anayerudi kila siku wakati wa chakula.

Na Mwalimu Tonui alilipenda. Kila mwezi alitunga mazungumzo ya watu wawili aliowabuni: Mrina, mzee wa mizinga, na Mchuuzi, mtu wa kuuza chumvi kutoka soko hadi soko. Walibishana juu ya kila kitu. Watu wa laini waliwapenda kuliko habari zote za gazeti, pamoja na zile za mbinguni. Kila aliyesikia alijua Mrina ametolewa kwa mzee arap Sigei. Alichechemea mguu wa kushoto kama yeye, na kama yeye alijibu swali kwa swali. Mzee mwenyewe alilijua hilo, na naamini alilifurahia, maana alianza kupitia karibu na dirisha letu akichechemea zaidi ya kawaida.

Mwaka uliotangulia, wakati wa karantini ya mifugo, askari walikuwa wameingia msituni wakachukua ng'ombe waliofichwa huko. Kuna mtu aliyewaonyesha njia, na hakujulikana. Mwalimu Tonui akaamua kuligusa jambo hilo kwa njia ya hadithi. Katika mazungumzo ya mwezi ule, Mrina anamhoji Mchuuzi polepole mpaka Mchuuzi anakiri kwamba ni yeye. Mwalimu aliandika vizuri, kila mstari na jina lake.

Nilipokuwa nimekwisha kuupanga ukurasa, likaja tangazo la josho la ng'ombe, mistari minane, lazima liingie. Nafasi haikuwapo. Na a zilikuwa zimekwisha. Nikatazama mazungumzo yale, nikaona “akasema Mrina”, “akajibu Mchuuzi”, “akasema Mrina”, yamejipanga kama watu wasio na kazi. Wanazungumza wawili tu, nikafikiri. Mmoja akimaliza, anayefuata ni mwingine. Mtoto anaweza kuhesabu. Nikayatoa yote isipokuwa la kwanza. Tangazo likaingia, na a zikabaki.

Jioni kabla ya kuchapa nilichukua prufu nyumbani nikamsomea Dorka, kama nilivyozoea, maana alipenda hadithi. Alikuwa amenipa mgongo, anachagua maharagwe kwenye ungo. Nikasoma:

“Umesikia habari za msituni?” akasema Mrina.

“Nimesikia.”

“Na unamjua aliyewaonyesha askari njia?”

“Namjua.”

“Basi mtaje.”

“Wewe pia unamjua.”

“Namjua, lakini nataka kusikia kwako.”

“Ni mimi. Ni mimi niliyetembea mbele yao.”

Dorka akageuka. “Nani anasema sasa?”

“Hesabu tu,” nikamwambia. “Wa kwanza Mrina, wa pili Mchuuzi, hivyo hivyo mpaka mwisho.”

“Nihesabu watu au nihesabu maharagwe?”

“Sikiliza, Dorka. Watu wazima wataelewa.”

Nilikuwa nimejiona fundi.

Jumapili Rebeka akasimama juu ya kasha la majani chai, kama desturi, na watu wa laini wakamzunguka, Wajaluo, Wakisii, Wakipsigis waliotoka makwao kusikiliza. Usomaji wa laini una namna yake. Wasomaji wa kimya hawajui jambo hili. Mstari ukiwafurahisha watu, wanapiga kelele “Rudia!”, na msomaji anarudia, hata mara tatu. Aliye nyuma hakusikia, “Rudia!” Mtoto amelia, “Rudia!” Na alama zile ndogo za kufungua na kufunga maneno, ambazo Fundi alizitunza kama dawa, hakuna sikio linalozisikia. Rebeka alirudia “Namjua” mara mbili, na “Basi mtaje” mara tatu, na kila aliporudia watu walihesabu zamu mpya. Alipofika “Ni mimi niliyetembea mbele yao”, mbele ya watu wote aliyekiri alikuwa Mrina.

Na Mrina alikuwa arap Sigei. Kufikia Jumanne habari ilikuwa imefika Roret kwamba mzee amekiri, na kwamba imeandikwa, tena imechapwa.

Hivyo ndivyo tulivyofika siku ile ya watu watano. Mzee arap Sigei aliingia, akatusalimu, “Chamgei,” akafungua ngozi yake, akaweka gazeti juu ya meza yangu.

“Mimi sijui kusoma,” akasema. “Nionyesheni mdomo wangu uko wapi hapa.”

Akatugeukia mmoja mmoja.

“Binti yangu Chelangat anaolewa Merigi. Wazee wa huko wamekuja kwangu mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa ndiyo ya kumaliza koito, mapatano ya posa, tupatane ng'ombe, tupakane mafuta. Jana wametuma neno. Wanasema wangoje kwanza. Wangoje nini? Asali yangu iko nyumbani, hakuna mtu anakuja kuchukua. Nani alinipa hayo maneno?”

Rebeka akasema, “Mzee, mimi nilisoma kilichoandikwa. Sikuongeza hata neno moja.”

“Mimi niliandika majina,” akasema Mwalimu Tonui, akasimama kutoka kwenye bunda lake. “Kila mstari nilitia jina. Rebeka, pengine uliyaruka.”

“Niruke majina? Mwalimu, nitasomaje watu wasio na majina?”

“Basi yalikwenda wapi?”

Mzee aliinua fimbo yake kidogo. “Huyu anasema si yeye. Huyu anasema si yeye. Hata humu ndani sijui nani anasema.”

Nikamtupia jicho Fundi Elija. Nilimwona anatazama kisanduku cha a. Kilikuwa na a nyingi mno kwa mwezi ule. Fundi mzuri anajua kilichopo kesini kama mama anavyojua kilichopo chunguni.

Nikafikiria Yona na Dorka na kile kibanda. Nikinyamaza, Mwalimu na Rebeka watasukumana mpaka mmoja wao aondoke, na paa langu libaki. Lakini nikasema: “Ni mimi, mzee. Mimi nilitoa majina. Nilitaka nafasi.”

Arap Sigei akanigeukia. “Nafasi ya nini?”

“Ya josho la ng'ombe.”

“Ng'ombe tena!” akasema, na Rebeka akacheka bila kutaka, akaziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Mzee hakucheka. “Kijana, umenitia maneno mdomoni mbele ya watu. Utayatoa mbele ya watu.”

Alipokwenda, Fundi Elija alisema hivi tu: “Nilikuwa nakaribia kukuuliza. Afadhali hukungoja.” Bwana msimamizi wa misheni alipopata habari alitaka tuchape sahihisho, herufi ndogo, chini ya ukurasa wa nne. Fundi alimwambia kwa heshima kwamba hakuna msomaji anayesimama juu ya kasha kusoma chini ya ukurasa wa nne. Waliosikia kwa masikio watasahihishwa kwa masikio. Bwana alifikiri, akakubali, akasema kama jambo halitanyooka nitafute kazi mahali pengine.

Nilikuwa na siku sita kabla ya siku ya soko la Kapsoit. Nilibomoa mazungumzo yale nikakaa na Mwalimu Tonui, mstari kwa mstari. Kurudisha “akasema” tu hakukutosha. Nilimsomea Dorka akiwa amenipa mgongo, na kila alipouliza “Nani anasema sasa?” tulirudi nyuma. Hayo niliyojifunza siku hizo sita ndiyo kazi yangu yote, mengine ni wino.

Jina litangulie. Kwenye kitabu cha kusomwa kimya unaweza kuliweka nyuma, lakini sikio halirudi nyuma. Ukimsikia mtu anakiri halafu ndipo uambiwe ni nani, umekwisha kumhukumu mwingine. Tena mpe kila mtu kitu mkononi. Mrina alikuwa na mwenge wake wa moshi, Mchuuzi kibaba chake cha kupimia chumvi. Mwenge ukipulizwa, msikilizaji anajua nani anafungua mdomo, hata jina lisipotajwa. Halafu kila mmoja na namna yake. Mrina anauliza, Mchuuzi anamwita kila mtu “rafiki yangu”, hasa yule anayetaka kumdanganya. Mwalimu Tonui alijaribu kuwafanya waitane majina kila mara, “Ndiyo, Mrina,” “Hapana, Mchuuzi,” mpaka Dorka akauliza kama wote wawili ni viziwi. Tukaacha. Tukajaribu kubadilisha “akasema” kwa “akanguruma” na “akafoka”, akauliza kwa nini wamekasirika kabla ya kugombana. Tukalirudisha “akasema”. Ni neno la kula a tatu na kukaa kimya, na kazi yake inakwisha hapo.

Kipande kile kikawa hivi:

Mrina akapuliza mwenge wake, akauliza, “Unamjua aliyewaonyesha askari njia?”

Mchuuzi akaacha kupima chumvi. Akasema, “Namjua, rafiki yangu.”

Mrina akauliza, “Sasa unangoja nini kumtaja?”

Mchuuzi akageuza kibaba, chumvi yote ikamwagika chini. Akasema, “Ni mimi, rafiki yangu. Ni mimi niliyetembea mbele yao.”

Pigeni kelele “Rudia!” mara kumi hapo. Hakuna atakayepotea.

Siku ya soko tuliamua kusoma kwa sauti tofauti, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanywa. Rebeka asome masimulizi, Mwalimu Tonui asome maneno ya Mrina. Maneno ya Mchuuzi yalikosa mtu. Nani apande juu ya kasha Kapsoit, mbele ya watu walionyang'anywa ng'ombe, aseme “Ni mimi”? Nikapanda mimi. Fundi Elija alinipa kibaba cha chumvi alichokiazima sokoni, akaninong'oneza, “Umwage vizuri. Nimeahidi kukirudisha kitupu.”

Arap Sigei alisimama mbele kabisa, na karibu naye, nilimtambua kwa koti lake, mzee mmoja kutoka Merigi. Tulisoma. Watu walianza kunong'ona, kisha wakasogea karibu. Nilipofika mahali penyewe niligeuza kibaba, chumvi ikamwagika kwenye vumbi, nikasema kwa sauti yangu yote, “Ni mimi, rafiki yangu. Ni mimi niliyetembea mbele yao.”

“Rudia!” sauti ikasema kutoka nyuma.

Nikarudia.

“Rudia!” Sasa ilikuwa ya yule mzee wa Merigi.

Nikarudia tena. Akina mama wa viazi wakaanza kucheka, na mmoja wao akapaza sauti, “Kumbe ni huyu Mjaluo wa chapa! Na alikuwa mgeni, alijuaje msitu?” Soko zima likacheka. Mzee wa Merigi akamgeukia arap Sigei, akamwambia kitu kwa Kikipsigis, na arap Sigei akamjibu kwa swali, kama kawaida yake. Wakaondoka pamoja, wakielekea njia ya kwake.

Koito ilimalizika kabla ya mvua kubwa. Mimi niliitwa Mchuuzi na watoto wa Kapsoit kwa muda mrefu sana, na chumvi sikuwahi kuuza.

Tangu hapo hakuna mazungumzo yaliyotoka katika nyumba ile bila kupita mgongoni kwa Dorka. Alipoolewa yalipita mgongoni kwa mke wangu, na baadaye kwa wapanga herufi wapya, ambao hawakupenda kugeuziwa ukutani lakini walijifunza. Yona aliendelea na shule, akawa mwalimu Roret, akaniambia wanafunzi wake wanasoma gazeti letu kwa zamu bila kusimama hata mara moja kuuliza nani huyo. Nimepokea sifa chache maishani, na hiyo ndiyo niliyoiweka. Mtu yeyote, mwenye sauti yoyote, juu ya kasha lolote, aliweza kusoma kazi yetu na watu wakajua kila mmoja alichosema. Fundi Elija, siku aliyostaafu yeye, aliniachia stiki yake, kile kibao cha chuma tunachoshika mkononi tukipangia mstari. Akasema nisikitumie kuchezea. Najivunia kwamba sikuchezea.

Limebaki moja.

Baada ya harusi ya Chelangat, mzee arap Sigei alikuja kwenye nyumba ya chapa na kibuyu cha asali. Akakaa.

“Sasa nataka kusema,” akasema. “Si ya Mrina. Yangu. Juu ya wale ng'ombe. Nilikuwa msituni siku ile, niliona.”

Nilifurahi mno. Nilichukua stiki palepale nikapanga jina lake mbele, kama nilivyojifunza: Mzee arap Sigei akasema, na nukta mbili. Halafu nikatazama ukurasa. Ulikuwa umejaa, na a zilikuwa zimebaki chache.

“Mzee,” nikamwambia, “mwezi huu nafasi imekwisha. Njoo mwezi ujao.”

Alinyanyuka taratibu. “Safari hii nafasi yangu imekwenda kwa josho la nani?” akauliza, na alikuwa anatabasamu. “Sawa. Mwezi ujao.”

Mvua zilikuja na baridi, na kifua kikambana. Mwezi ujao hakufika. Nilimfuata nyumbani kwake nikakuta wanamlilia.

Chelangat yuko Merigi mpaka leo, bibi mwenye wajukuu. Nimesikia baba yake alimwambia sehemu ya aliyoyaona. Miaka yote hii nimekuwa na sababu ya kutokwenda kumsikiliza, na sababu yangu kila mara ilikuwa kazi. Sasa sina kazi. Stiki ya Fundi Elija iko juu ya meza ninapoandikia haya, na ndani yake nimeuhamishia mstari ule, ambao sijawahi kuubomoa. Jina liko mbele, kama inavyotakiwa, na baada ya nukta mbili hakuna kitu.